Programu huria za kufuatilia virusi: zinatusaidia kweli au sisi tunatoa data tu?

Kuna ubishi wa muda mrefu sasa kati ya watu wa maabara na watu wa afya ya jamii kuhusu hizi programu huria (za bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote) za kuchambua vinasaba vya virusi, kama Nextstrain, Nextclade, BEAST, Pangolin, ile database ya chuo kikuu cha Stanford, Marekani, ya usugu wa dawa za VVU na nyingine kibao. Wengine wanasema hizi ndo zimewezesha maabara ya Kilifi, Entebbe au Kinshasa kufanya kazi ileile inayofanyika Basel, Uswisi, na Seattle, Marekani, bila kulipa hata senti ya leseni. Wengine wanasema sawa, programu ni bure, lakini mashine sio bure, vitendanishi (kemikali za kupimia) sio bure, na data tunazotoa sisi zinaenda kutengenezea dawa na chanjo ambazo tunakuja kuzipangia foleni baadae. Mimi niko upande wa kwanza, nasema wazi mapema, ila hawa wa pili wana hoja ambazo bado hazijajibiwa vizuri na tukiendelea kuzipuuza watu wataanza kuficha data, na hilo litatuumiza sisi kabla halijamuumiza mtu mwingine yeyote.

Tuanze na Kamituga maana ni jirani kabisa. Huu ni mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, Kongo, watu wanaongea Kiswahili, wachimbaji na wachuuzi wanaingia na kutoka kila siku kuelekea Bukavu na kuvuka hadi Burundi na Rwanda. Kuanzia mwisho wa Septemba 2023 hadi mwisho wa Februari 2024 hospitali ya pale ilipokea watu 241 walioshukiwa kuwa na mpox (zamani ikiitwa ndui ya nyani), na 108 wakathibitishwa na maabara. Mpox ya Kongo tulizoea kuisikia kwa watoto wa vijijini wanaoishi karibu na wanyama pori, lakini hawa wengi walikuwa vijana na watu wazima, na asilimia 29 walikuwa wanafanya biashara ya ngono. Sasa hapo daktari anaweza kuhisi kwamba kuna kitu kimebadilika, lakini kuhisi ni kitu kimoja na kuonyesha ni kitu kingine.

Walipokuja kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kirusi, timu ya INRB ya Kinshasa (taasisi ya taifa ya Kongo ya utafiti wa tiba) na wenzao wakakuta ni tawi jipya la mpox ya kundi la kwanza (clade I), ambalo sasa linaitwa 1b. Wakakuta pia limejaa alama za APOBEC3, hiki ni kimeng'enya cha mwili wa binadamu ambacho kinaacha mabadiliko ya aina fulani kwenye DNA ya kirusi, na zikiwa nyingi hivyo maana yake kirusi kimekuwa kikipita kwa mtu hadi mtu kwa muda, sio kila mgonjwa ameambukizwa na mnyama wake. Alafu likaja lile ambalo mimi naona ndo zito kuliko yote: kuna kipande cha jenomu kilikuwa kimefutika, na ni kipande kilekile ambacho kipimo cha PCR cha kutambua mpox ya kundi la kwanza kilikuwa kinakitafuta. Yaani mgonjwa ana mpox ya kundi la kwanza, kipimo cha jumla cha mpox kinasema anayo, ila kile cha kutofautisha makundi kinasema sio hiyo. Bila kusoma jenomu nzima na kuilinganisha na zilizopo kwenye hifadhi za wazi hilo ungelijuaje? Usingelijua. Maabara nyingine za ukanda zingeendelea kutumia kipimo kile kwa imani.

Kwa hiyo anayesema hizi zana ni mapambo ya wanasayansi nadhani hajaiangalia Kamituga. Na sio hapo tu, kule Kivu Kaskazini kwenye Ebola ya 2018 hadi 2020 ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa amepona alirudiwa na ugonjwa na kutoka kwake ukatokea mnyororo wa wagonjwa 91. Kitu kama hicho mahojiano ya kawaida ya kuuliza nani alikutana na nani hayawezi kukithibitisha peke yake.

Lakini endelea na hiyohiyo Kamituga uone upande wa pili unaongea nini. Matokeo yale yaliwekwa wazi Aprili 2024, kila mtu duniani mwenye intaneti akaweza kuyasoma. Julai kirusi kikawa kimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ikatangaza dharura tarehe 13 Agosti, WHO tarehe 14. Chanjo za kwanza, karibu dozi 100,000, zikatua Kinshasa Septemba 5, na kuchanja kukaanza Goma Oktoba. Hesabu mwenyewe hiyo miezi. Sayansi ilikuwa wazi na ya haraka ila msaada haukuwa wa haraka, na mtu wa Kivu akikuuliza hizo data zake zilizowekwa wazi zilimfaidisha nani kati ya Aprili na Septemba unamjibu nini? Mimi jibu langu ni kwamba kosa hapo sio la uwazi, ni la wale waliosoma wakakaa, ila naelewa kabisa kwa nini jibu hilo halimridhishi.

Omicron nayo ilikuwa funzo baya. Novemba 25, 2021 Afrika Kusini ikatangaza aina mpya ya kirusi cha korona, mwanasayansi Tulio de Oliveira na wenzake wakiwa wameweka data wazi, Botswana nao walikuwa wameiona na kuiweka hewani, na jioni hiyohiyo Uingereza ikatangaza kuzuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika, wengine wakafuata. Baadae Uholanzi wakaja kukuta walikuwa nayo kwenye sampuli za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla ya tangazo. Aliyesema ukweli ndo aliyefungiwa mlango. Ukiwa waziri wa afya wa nchi inayotegemea watalii, na ukakumbuka hilo, siku vijana wako wa maabara wakikuletea kitu cha ajabu utawaambia nini? Hili swali ni zito kuliko mambo yote ya leseni na msimbo.

Na sio jipya. Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kutoa sampuli za mafua ya ndege H5N1 baada ya kuona kampuni ya Australia inatengeneza chanjo kutokana na kirusi cha kwao, chanjo ambayo wao wenyewe wasingeimudu. Watu waliwasema sana, lakini ubishi ule ndo ulizaa mkataba wa mafua wa WHO wa 2011 wa kugawana sampuli na faida. GISAID, hifadhi ya data za vinasaba vya virusi, nayo ilizaliwa kwenye mazingira hayohayo, 2008, kwa wazo kwamba unaweka data lakini anayetumia lazima ajisajili na akutambue. Ilisaidia sana kipindi cha korona, nchi nyingi ambazo zisingethubutu kuweka kwenye GenBank, hifadhi ya Marekani iliyo wazi kabisa, ziliweka kule, Afrika yenyewe ikafikisha jenomu 100,000 mwaka 2022. Ila GISAID sio huria kwa maana kamili, uongozi wake umelalamikiwa na wanasayansi wengi kuhusu nani anafungiwa na kwa sababu gani, na kitu ambacho dunia nzima inakitegemea hakifai kuwa na mlango ambao funguo anashika mtu asiyewajibika kwa yeyote.

Ndo maana mimi naipenda njia ya Pathoplexus, hifadhi nyingine ya data hizi iliyoanza Agosti 2024. Msimbo uko wazi, data ziko wazi, ila mwenye data anaweza kuchagua ulinzi wa muda, hadi mwaka mmoja, wengine wanaziona na kuzitumia kwa kufuatilia mlipuko lakini hawaruhusiwi kumuwahi kuchapisha makala ya kisayansi. Muda ukiisha zinakuwa huru. Kwa kijana wa maabara ya Bukavu anayesoma sampuli huku umeme unakatika huo mwaka ni heshima, na afya ya jamii haipotezi kitu. Wako wanaosema hata huo mwaka ni mwingi, mimi sikubaliani nao. Ila tatizo la chanjo na dawa njia hii hailitatui hata kidogo, hilo liko kwenye mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa WHO Mei 2025, na sehemu yenyewe ya kugawana faida ndo iliachwa ijadiliwe kwenye kiambatisho.

Sasa usugu wa dawa, ambao hausemwi sana kwa sababu hauna kelele kama mlipuko. Database ya Stanford iko tangu 1998 na ni bure. Unaweka mfuatano wa vinasaba vya VVU vya mgonjwa, inakupa alama kwa kila dawa, kwa mfano badiliko moja tu la K103N linaipa dawa ya efavirenz alama 60 na kuanzia 60 ni usugu mkubwa, achana na hiyo dawa. Sheria zote za kugawa alama zimewekwa wazi, unaweza kuzikagua. Lawama ya haki ni kwamba ushahidi mwingi wa nyuma yake ulitoka kwa wagonjwa wa Marekani na Ulaya wenye VVU aina ya B, wakati huku kwetu ni A, C, D na michanganyiko yake. Mabadiliko mengi makubwa yanafanya kazi ileile kwa aina zote, hilo ni kweli, lakini mengine njia zake zinatofautiana, na njia ya kuisaidia database ituelewe ni kuilisha data zetu, sio kuinyima.

Na hapa muda hatuna. Tangu 2019 nchi zetu zimehamia dolutegravir, dawa ya VVU nzuri sana. Ripoti ya WHO ya 2024 ikaonyesha usugu kati ya asilimia 3.9 na 8.6 kwenye tafiti za nchi kadhaa, na asilimia 19.6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo wakati wingi wa virusi mwilini ulikuwa bado juu. Programu ya kusoma usugu iko bure, ila mgonjwa wa wilayani ambaye virusi vyake havishuki anaambiwa kwanza aongezewe ushauri wa kumeza dawa vizuri, anapimwa tena, anasubiri, na kipimo chenyewe cha usugu kinafanyika kwenye maabara chache za kitaifa. Kusema ukweli hapo hakuna programu ya kumsaidia, anahitaji vitendanishi na gari la kubeba sampuli, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona vitu hivyo vilikuwa vinalipiwa na nani.

Kuna hofu moja zaidi ambayo naiheshimu. Mti wa ukoo wa VVU, yaani mchoro unaoonyesha virusi vya nani vinakaribiana na vya nani, unaweza kutumika vibaya, polisi au mke au mume akataka kujua nani kamuambukiza nani, na Uganda ina sheria ya 2014 inayofanya kuambukiza kwa makusudi kuwa jinai. Kisayansi mti peke yake hauthibitishi nani kampa nani, anaweza kuwepo mtu wa tatu ambaye hakupimwa, lakini mahakamani nani ataeleza hilo? Uwazi wa msimbo hapa unasaidia kuliko watu wanavyodhani: Nextclade inafanya kazi ndani ya kivinjari chako, data hazitoki kwenye kompyuta yako, na kuna programu ya sierra-local inayoendesha sheria za Stanford kwenye mashine yako bila kutuma chochote Marekani. Hivyo maabara inaweza kumsomea mgonjwa usugu wake na ikabaki na mfuatano wake kabatini, kisha ikatoa kwa umma takwimu za mabadiliko tu. Kwa VVU mimi ningefanya hivyo. Kwa Ebola na mpox ningeweka jenomu nzima hewani wiki hiyohiyo, bila jina, bila kijiji, na ulinzi wa Pathoplexus juu yake, alafu wizara ya afya iwe na mstari wake kwenye bajeti ya serikali wa vitendanishi na wa mishahara ya hao vijana wanaojua kuzitumia, kwa sababu H3ABioNet, mtandao uliofundisha wengi wao Afrika nzima kuchambua vinasaba kwa kompyuta, ilikuwa ya pesa za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, na miaka yake kumi iliisha 2022.