Dampo la Pugu ni la nani?

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Maji yakipungua, yanaacha matope na chupa za plastiki, na chupa hizo si zote za watu wa Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe mkoani Pwani, unapita Ilala, unapokea vijito vya Ubungo na Kinondoni, kisha unamwaga baharini kwenye Daraja la Salenda. Mtaro usiozolewa Sinza unakuwa kero ya mtu wa Jangwani, ambaye hampigii kura diwani wa Sinza.

Hapo ndipo hoja ya halmashauri zote tano za mkoa kushirikiana katika usafi inapopata nguvu. Kwangu mimi ushahidi mzito zaidi ni dampo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji kwa moshi na harufu ya dampo lililokuwa jirani na nyumba zao, wakashinda. Jiji liliporudi kuomba kuongezewa muda, Mahakama Kuu ilikataa, ikasema kuhatarisha afya za watu ni kukiuka haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Miaka yote hiyo harufu imekuwa ikihamishwa kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, na gari la taka linalotoka Bunju linavuka jiji zima kufika huko.

Wapo wanaotaka ushirikiano huo uwe chini ya chombo kimoja cha mkoa mzima. Lakini wanaopinga chombo hicho cha pamoja nao hawasemi ovyo. Chombo hicho tulikuwa nacho. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, na moja ya sababu ilikuwa kwamba halmashauri ile haikuwa na eneo lake yenyewe. Nakubali. Mtaro ukiziba, mwananchi anamjua mwenyekiti wake wa mtaa na anayemtoza ada ya taka. Angemtafuta nani huko juu? Moshi imejijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi ikiwa na halmashauri moja inayosimamia sheria zake ndogo. Ila Moshi si mkoa wenye watu 5,383,728, idadi ya Dar es Salaam katika sensa ya 2022.

Kinondoni nayo imeonyesha kuwa manispaa inaweza kujituma. Ina kiwanda cha kugeuza taka kuwa mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Kama tumeweza kuungana na Hamburg, tunashindwaje kukubaliana Ubungo ipeleke mabaki ya masoko yake Mabwepande kwa ada inayoeleweka, badala ya kuyasafirisha hadi Pugu?

Kwa hiyo sioni haja ya kurudisha baraza jingine la vikao na posho. Kufagia barabara na kuzoa mitaro kubaki kwenye mitaa. Vitu viwili tu viwe vya pamoja: mto na dampo, kwa mkataba ambao kila halmashauri inalipa kulingana na tani zilizopimwa kwenye mizani. Na fedha hizo zisiishie kwenye mafuta ya magari. Sehemu yake itengwe kwa udongo wa kufunika taka, kuzuia moto na kutunza barabara inayopita mbele ya nyumba za watu wa Pugu.

Watu hao wa Pugu nao wawemo kwenye kamati inayosimamia mkataba huo, waone hesabu za mizani kila mwezi. Wenzao wa Tabata walilazimika kwenda mahakamani ndipo wakasikilizwa.