Uso Wangu, Dakika 40

Juzi nimepeleka picha tatu nilizojichora uso wangu mwenyewe kwenye duka moja la sanaa hapa Bagamoyo. Mwenye duka akazishika, akazigeuza nyuma na mbele, akaniuliza zimechukua siku ngapi. Nikamwambia kila moja dakika 40. Akazirudisha mezani. "Dada, hii si kazi. Na nani atanunua sura yako? Niletee majahazi." Nimelala na neno hilo siku mbili, leo nalitoa.

Majahazi nayajua. Nimeyachora mpaka mkono unakwenda wenyewe, na hilo ndilo linalonitisha. Kuna siku nilikaa kule soko la samaki, vyombo vinaingia, watu wanagombea mnada, mimi nikachora jahazi lilelile la dukani: tanga jeupe, jua jekundu, minazi miwili. Sikuinua macho hata mara moja.

Kujichora kwa kupima muda kunanikatalia hilo. Kioo nakiegemeza dirishani, simu naitegesha dakika 40, ubao nimeshaupaka kahawia tangu jana yake ili nisianze na weupe. Dakika tano za kwanza nafinya macho mpaka uso ubaki sehemu mbili tu, penye mwanga na penye kivuli. Brashi pana. Kope hakuna, hereni hakuna. Macho nayaweka katikati ya kichwa, maana ndipo yanapokaa, ingawa wengi wetu tunayapandisha juu. Kisha naingia kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: rangi.

Tumeambiwa sisi ni weusi, basi tunakamua tyubu nyeusi. Nimeona vijana wenye mkono mzuri kweli wakimchora mama mzazi kwa nyeusi ya tyubu, na wakitaka kumng'arisha wanaongeza nyeupe. Uso unageuka majivu. Mama aliyekaa juani, mwenye damu yake, anatoka kama maiti! Jamani, kaeni mbele ya kioo asubuhi, dirisha likitazama bahari. Kwenye paji la uso kuna bluu, anga limejilaza pale. Sikio likipigwa na jua kwa nyuma linawaka kama chungwa. Chini ya kidevu kanga ya manjano inarudisha mwanga wake kwenye ngozi. Kivuli cha shingo nakipata kwa kuchanganya bluu nzito na kahawia iliyokolea. Kinakuwa cheusi ti, lakini kina uhai. Ningepewa wiki nzima nisingeyaona haya, kwa sababu ningechora uso ninaoujua. Muda ukibana, unashika kile ambacho kioo kinakuonyesha, huna kingine cha kushika.

Na akriliki, rangi ninayotumia, inakauka upesi, haingoji. Kaskazi ikivuma dirishani, rangi inaota utando kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia, kabla hujamaliza shavu. Unaweka mpako mmoja, unauacha. Kwenye picha ya pili kuna mpako kama huo, wa kahawia yenye ukijani, kutoka karibu na sikio mpaka pembe ya mdomo. Nilitaka kuulainisha, kengele ikalia. Jioni mdogo wangu akapita, akasimama, akasema, "Hapo umekuwa bibi." Bibi yetu hakuacha picha hata moja.

Wapo wanaosema kujichora ni kujipenda. Van Gogh, mchoraji yule Mholanzi, alijichora zaidi ya mara 35, nyingi akiwa Paris kati ya 1886 na 1888, na sababu kubwa ni kwamba hakuwa na pesa ya kumlipa mtu akae achorwe. Mimi pia sina.

Haya, mwenye duka ana kodi ya kulipa, na majahazi yananunuliwa. Hilo sibishi. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa ule mtindo wa picha za Tingatinga, naye aliuza kwa wageni. Alianza 1968 pale Dar es Salaam na rangi za kawaida za dukani kwenye hadibodi, akafariki 1972, na mpaka leo kuna nyumba zinazokula kwa mtindo ule. Miaka minne tu. Lakini mtindo ulichukua jina lake, na anayeutazama anamjua wa kwanza ni nani. Majahazi yangu ukiyachanganya na ya wenzangu watano, mimi mwenyewe siwezi kuyachagua. Picha hizi tatu ningezitambua gizani kwa kupapasa mipako yake.

Kwa hiyo sizipeleki tena kule. Nimezitundika sebuleni, ile ya bibi katikati. Mama akipita na beseni la nguo anasimama pale kwanza, anaangalia shavu lile, haongei, anaendelea na kazi zake. Ubao wa nne nimeupaka kahawia jioni hii, uko uani unakauka.