Uyoga wa Kifaransa

Shemeji yangu ana daftari. La gamba gumu, kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee, na humo ndani hamna deni la mtu wala hesabu za kikoba. Humo anaandika chakula cha meli za kitalii. Si kile cha bafe ya sitaha ya juu, ambayo yeye anaiita foleni ya harusi isiyo na bwana harusi. Anaandika cha ukumbi mkuu, ule wa vitambaa vyeupe na glasi tatu kwa mtu mmoja, ambao mlo wake umo ndani ya nauli. Kila meli ina ukurasa wake, na kila ukurasa umepigwa mistari: mkate, supu, nyama, samaki, kitindamlo, na safu ya mwisho aliyoipa jina la "tabasamu la mhudumu".

Nani kamtuma kazi hiyo, hajawahi kutwambia. Yeye yuko Houston, sisi tuko Dallas, na kwa miaka miwili alikuwa akimsumbua dada yake, yaani mke wangu, kwamba hatujaishi mpaka tumepanda meli. Mwishowe tukakubali, safari ya siku saba kutoka bandari ya Galveston hadi pwani ya Mexico na kurudi.

Kutoka Houston hadi Galveston ni kama kilomita 80 hivi. Zote alizitumia kutufundisha.

"Sikilizeni, kila kampuni ya meli ina mambo yake. Carnival, hata kama umeshiba mpaka kifuani, usinyanyuke kabla hujaletewa ile keki ya chokoleti ya moto, ukiichoma kijiko katikati inatoka uji. Ipo kila usiku. Na wahudumu wanaacha sahani wanacheza muziki. Royal Caribbean, tangu 2023 kila usiku una mada yake, leo Italia, kesho Mexico. Mimi pale nakimbilia mchuzi wa Kihindi wa wasiokula nyama, kwa sababu ndio pekee unaonikumbusha Ngamiani, kwetu Tanga. Norwegian hawana habari ya saa wala meza, tangu 2000 unaingia ukitaka, unakaa panapokupendeza. MSC asili yao Italia, kwa hiyo pale usihangaike na kitu kingine, kula tambi. Halafu kuna meli ya Queen Mary 2 ya Cunard. Pale chumba ulicholipia ndicho kinachoamua utakula ukumbi gani."

"Hiyo Queen Mary umeipanda lini?" nikamwuliza.

"Nimesoma."

Meli tuliyoipanda sisi siitaji. Haikukosa kitu. Aliyekosa ni mimi, na aliyenikosesha ni huyo mwenye daftari.

Tulipewa zamu ya saa mbili na nusu usiku, meza ya watu sita: sisi watatu, mzee mmoja wa Louisiana na mkewe, bibi mchangamfu wa miaka sabini na kitu, na kijana mmoja asiyesema na mtu. Mhudumu wetu alikuwa Mwindonesia mpole, kijana wa kuinama kidogo kila anapokuwekea sahani, mpaka nawe unajikuta unainama, mnabaki mnainamiana.

Usiku wa kwanza niliagiza supu. Menyu ilisema ni ya stroberi. Nikajua ni jina tu, kwani hata chapati za maji si maji. Kwetu Tanga supu ni neno lenye uzito wake: ni mbuzi au kongoro, ni ndimu na pilipili, ni chapati mbili saa moja asubuhi na jasho linakutiririka hadi kwenye kola. Nikaletewa kibakuli cha kitu cha rangi ya waridi, baridi kama maji ya mtungi, na jani la mnanaa limeelea juu.

"Imepoa," nikamwambia mhudumu kwa adabu.

Alinitazama, akamtazama Shemeji, akainama, akaondoka nayo. Baada ya dakika kumi ikarudi inafuka moshi. Ndugu zangu, stroberi na maziwa vikichemshwa pamoja hutoa ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto. Niliimaliza yote, kwa sababu mwenye kuomba ni mimi. Shemeji akaandika: "Supu, 4 kwa 10. Joto si la kutegemewa."

Nyama sitaki kuizungumza sana. Niliomba iive kabisa, mhudumu akasikitika kana kwamba nimempa habari ya msiba, ikaja imeiva kabisa, nami nikaitafuna mpaka kijana asiyesema na mtu akaniuliza kama niko sawa. Lakini nitasema hili: mkate wa ukumbi mkuu ndio unaokueleza ukweli wa jiko. Nyama inapikwa kwa mamia ya watu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kokote uendako utaikuta vuguvugu. Mkate, kama umeokwa jioni ile ile, hauna mahali pa kujificha. Shemeji yeye anasema mkate ni wa watoto.

Usiku wa pili ukawa usiku wa kuvaa. Kambakoche, glasi zinang'aa, wapiga picha wa meli wanazunguka meza hadi meza. Mimi nilivaa suti yangu ya harusi, iliyoshonwa Dar kilo kumi na moja zilizopita.

"Kitangulizi agiza hiki," Shemeji akaniwekea kidole kwenye menyu. Pameandikwa *escargots*, na chini yake maelezo ya siagi, kitunguu saumu na majani. "Uyoga wa Kifaransa. Nimeula meli tano. Mwaka jana niliupa 8, safari nyingine 9. Laini!"

Ikaja sahani ya udongo yenye vishimo sita, kila kishimo kina siagi ya kijani inayochemka, na ndani yake kitu cheusi kimejikunja. Harufu ilikuwa nzuri, siisingizii. Nikatia kimoja mdomoni. Uyoga wenyewe ulikuwa mgumu kidogo, halafu laini, halafu mgumu tena, kama unajadiliana nami.

"Mashallah," alisema yule bibi wa Louisiana, au neno la kwao lenye maana hiyo. "Sijaona watu wanaopenda konokono kama ninyi!"

Shemeji, aliyekuwa kwenye cha nne, akacheka. "Si konokono, mama. Huu ni uyoga."

Bibi akamtazama mumewe. Mumewe akautazama mkate. Shemeji, kwa ujasiri wa mtu mwenye kumbukumbu za maandishi, akamwita mhudumu aje kuamua kesi.

Mhudumu hakusema neno. Aliweka vidole viwili juu ya kichwa chake vikasimama kama pembe, kiganja kingine akakitambaza taratibu, taratibu juu ya kitambaa cha meza, na nyuma yake akachora hewani mstari mrefu wa ute.

Nami bado ninacho mdomoni.

Kwetu konokono ni adui wa mchicha. Ukimkuta bustanini unammwagia chumvi. Hapa wamemmwagia siagi. Habari ya halali na haramu niliiweka kando kwanza, maana tumbo lilikuwa limeshatoa fatwa yake. Shemeji alilifunga daftari taratibu, kama mtu anayemfumba marehemu macho. Meli tano, konokono sita kila sahani, na huyu mtu ninavyomjua huongeza.

Nikainua kile kitambaa cheupe cha kujifutia, nikajifanya nakohoa, nikamhamishia humo yule wa mdomoni. Wakabaki watano kwenye vishimo. Sasa hapa ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angesema, samahani, sikujua, ondoeni. Lakini nilikuwa nimeshamrudisha huyu kijana na supu yake, nimeshamhuzunisha kwa nyama, na sote tulijua kwamba mwisho wa safari abiria hujaza fomu ya kuwapa wahudumu alama. Nikaona haya. Bibi alipogeuka kumwambia mumewe jambo, nikawakomba wote watano wakaingia kitambaani, nikakikunja na kukipakata mapajani.

Mhudumu akapita. Akaona sahani yangu iko tupu, dakika mbili tu. Uso ukamchanua. Ukumbi mkuu sifa yake ni hiyo, kitangulizi ukikimaliza na ukaonekana umependa, hakuna wa kukuhesabia. Kabla sijafungua kinywa, sahani ya pili ilikuwa mbele yangu, inachemka, na yeye ameinama.

Wakawa kumi na wawili.

"Umekula?" mke wangu akauliza, bila kuigeuza shingo.

"Nimekula."

"Mbona suruali inameremeta?"

Siagi ilikuwa imeanza kupenya. Nilikaa hivyo kambakoche akaja akaenda, nakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitambaa chini ya meza kama mtu aliyeficha kifaranga. Mpango wangu ulikuwa wa kistaarabu: watu wakinyanyuka, nami nanyanyuka, nakwenda msalani na mzigo wangu, basi.

Taa zikazimwa.

Muziki ukapigwa, milango ya jikoni ikafunguliwa, na wahudumu wakatoka kwa mstari, kila mmoja amebeba begani keki nyeupe yenye taa inayowaka. Hiyo ndiyo Baked Alaska, aiskrimu iliyolazwa juu ya keki, ikafunikwa povu la ute wa yai na kutiwa moto. Povu lile limejaa hewa, na hewa haipitishi joto upesi, kwa hiyo nje linababuka na ndani aiskrimu haina habari. Zamani walizibeba zikiwa na moto wa kweli. Siku hizi ni taa za betri, maana hakuna nahodha anayependa moto kwenye meli.

Hayo yote alinieleza Shemeji baadaye. Wakati ule nilichosikia ni sauti ya mkuu wa wahudumu kwenye kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, inueni vitambaa vyenu!"

Ukumbi mzima, orofa mbili za watu, vitambaa vyeupe vikaanza kuzunguka juu ya vichwa. Bibi wa Louisiana amesimama, kijana asiyesema na mtu amesimama anapiga kelele, mke wangu anazungusha chake na nyonga juu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye taarab, nimewaona mama zangu wakienda kutunza huku leso inapepea. Mtu wa Tanga akisikia ngoma na akaona vitambaa vinapepea, mkono wake hauombi ruhusa kichwani.

Mzunguko wa kwanza hakikutoka kitu. Mzunguko wa pili kitambaa kilikunjuka.

Sitasema nimewaona wote, kulikuwa na giza. Mmoja alitua juu ya Baked Alaska iliyokuwa ikipita, akazama kwenye povu, mhudumu akaendelea nayo kwa furaha zake. Wawili walimpata mkuu wa wahudumu, mmoja kwenye kipaza sauti, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia "paf". Mmoja aliingia kwenye glasi ya mzungu wa meza ya jirani, glasi ile ya miguu mirefu inayowekwaga zeituni. Nilimwona kwa macho yangu akiingiza kidole, akimtoa, akimtafuna na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Sikumwambia. Mpaka leo sijui ningeanzia wapi.

Taa zilipowashwa, mhudumu wetu alikuwa amesimama mbele yangu. Alikitazama kitambaa changu cha kijani. Akatazama sahani zangu mbili tupu. Akatazama zulia. Nadhani alikuwa akihesabu. Kisha akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini sana, "Kesho, bwana, nitakuletea mkate tu."

Na kweli aliniletea, siku tano, vikapu viwili viwili. Wakati wa fomu nilimpa alama zote, na bahasha pembeni, juu ya ile bahshishi ambayo meli zenyewe hukata, dola 16 hadi 20 hivi kwa mtu kwa siku.

Ningeweza kuyazika haya baharini. Lakini asubuhi yake picha za usiku wa kuvaa zilikuwa zimebandikwa ukutani karibu na ngazi, kila abiria apite aitafute yake. Watu walikuwa wamejazana mbele ya moja. Mpiga picha, Mungu amjaalie, alikuwa ametumia mwanga wake mkali, na kila kitu kimeganda: mimi nimefumba macho kwa raha ya taarab, kitambaa kiko juu kama bendera, vitu vyeusi vimetawanyika hewani juu ya kichwa changu kama kunguru wa jioni. Niliwahesabu, kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ameshatua, amekaa juu ya bega la Shemeji, katikati kabisa, kama cheo cha jeshi.

Nilitaka kuinunua niichane. Mke wangu alikuwa ameshalipa. Tulipofika Galveston na mtandao ukarudi, jambo la kwanza alilofanya, hata mizigo haijashuka, ni kuituma kwenye kundi la familia.

Ujumbe wa sauti wa kwanza ulitoka Tanga, kwa mama mkwe, ambaye macho yake siku hizi si mazuri lakini si mabaya kiasi hicho. "Wanangu mmependeza. Hebu nielezeni, hivyo vinavyoruka ni nini?"

Nikaanza kuandika, nikafuta. Nikaandika tena. Kabla sijamaliza, Shemeji alikuwa ameshajibu.

"Uyoga, mama."