Miondoko ile si ya marehemu
Makala yenu imesema kwamba akili mnemba "humrudisha" marehemu pichani, jambo ambalo si sahihi. Deep Nostalgia, huduma ya kuzifanya picha za zamani zionekane zikisogea, iliyotolewa na MyHeritage, kampuni ya utafiti wa nasaba, mwaka 2021 kwa teknolojia ya kampuni ya D-ID, hutumia video fupi zilizorekodiwa awali, kwa hiyo ule mgeuko wa shingo na kule kupepesa macho ni mambo ya mtu mwingine kabisa, yaliyovikwa sura ya aliye pichani. Mimi nilijaribu programu nyingine kwa picha ya bibi, Mungu amrehemu, aliyepigwa picha studio akiwa amefumba mdomo kwa sababu ya pengo la meno mawili ya mbele. Video ikamchekesha kwa meno kamili, meupe, na mama akaniomba niifute papo hapo.