Incognito: kubadilisha waimbaji kumewajenga au kumewaponza?

Incognito ni bendi ya London, ipo tangu 1979, na wapenzi wa asidi jazi (ule mchanganyiko wa jazi, fanki na midundo ya klabu) wanabishana sana juu yake kwa jambo moja, hii tabia ya kubadilisha waimbaji kila mara imewasaidia au imewanyima umaarufu?

Wanaosema imewaponza wana hoja jamani. Ukitaja Jamiroquai, bendi nyingine ya asidi jazi, mtu anamuona mwimbaji wao Jay Kay na makofia yake hapo hapo, ila Incognito wengi wanaijua kwa sikio tu, sura hawaijui. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1981, wakapotea miaka kumi, wakarudi 1991 na Always There, wimbo wa Ronnie Laws, ukafika namba 6 kwenye chati za Uingereza, lakini mwimbaji alikuwa Jocelyn Brown, mgeni mwalikwa. Baadae akaja Maysa Leak toka Baltimore, na yule dada ana sauti nzito ya chini, msikilize kwenye Deep Waters ya 1993 anavyoachia maneno taratibu bila kulazimisha. Watu ndo wanaanza kumzoea, 1995 akatoa albamu yake mwenyewe na Incognito mwaka huohuo wakaja na sauti nyingine.

Mi bado nasema imewajenga. Mwenye bendi ni Jean-Paul Maunick, wanamuita Bluey, mzaliwa wa Mauritius aliyekulia London, anatunga, anatayarisha na anapiga gitaa, na gitaa lake halitafuti sifa, linachapa kodi (chords) fupi fupi sambamba na ngoma huku tarumbeta na saksafoni zikijibizana na mwimbaji. Ukisikia hivyo tu unajua ni wao, awe anaimba Maysa, Tony Momrelle au Imaani. Brand New Heavies, bendi nyingine ya London ya muziki huohuo, walivyoachana na mwimbaji wao N'Dea Davenport pengo lake lilisikika kabisa, wakati Incognito mtu anaondoka, anafanya kazi zake, anarudi, Maysa mwenyewe karudi mara kibao, na 2023 bendi ikatoa albamu ya Into You.

Lawama mi naiweka kwingine. Kuna albamu zao za baada ya 2000 zinafanana mno, safi, zimepigwa kwa ufundi, ila ukichanganya nyimbo huwezi kusema ipi ya mwaka gani, na hilo sio kosa la waimbaji, ni la Bluey. Na uwezo anao! 2006 kwenye Bees + Things + Flowers walizipiga upya nyimbo zao za zamani kwa utulivu zikawa mpya kabisa, halafu 2021 Bluey na DJ Gilles Peterson, yule yule ambaye lebo yake ya Talkin' Loud iliwarudisha 1991, wakatoa albamu ya Aspects kwa jina la STR4TA, fanki yenye ukali wa miaka ya 80 mwanzoni, besi iko mbele na haijasafishwa sana. Ule ukali ndo naotaka ahamie nao Incognito, na waimbaji aendelee kuwabadilisha anavyotaka.