Kipindupindu cha Goma: tulaumu ziwa au tujiangalie wenyewe?

Kipindupindu kikizuka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, lawama ya kwanza huenda kwa Ziwa Kivu. Ukifika Kituku, ufukweni mwa ziwa hilo, asubuhi utaelewa kwa nini. Mabidoni ya manjano yanajazwa pale pale wengine wanapofua na kuoga. Mtu wa klori anatia dawa kwa bomba la sindano, bidoni moja baada ya jingine, kabla halijapandishwa mgongoni. Ni rahisi kuamini kwamba ugonjwa wenyewe unaishi majini.

Imani hiyo ina wanasayansi wake. Mmarekani Rita Colwell ameonyesha kwa miaka mingi kwamba Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ni mkaaji wa kawaida wa maji, hasa ya pwani na midomo ya mito, na kwamba hujishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea humo. Huko Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa vilipunguza wagonjwa kwa karibu nusu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu nayo yana pH ya karibu 9, yaani yana alkali, hali ambayo bakteria huyu huistahimili vizuri.

Ila bakteria wa majini mara nyingi si yule wa wodini. Makundi yake yamepita 200, na ni O1 na O139 tu yaliyoleta milipuko mikubwa. Wengi wa majini hawana jeni za sumu inayomkausha mgonjwa. Jeni hizo, kama Waldor na Mekalanos walivyogundua mwaka 1996, hubebwa na kirusi kinachoshambulia bakteria. Kisha mwaka 2017 timu ya François-Xavier Weill ilichapisha uchunguzi wa DNA ya bakteria zaidi ya 1,000: tangu 1970, ukoo mmoja wenye asili ya Asia umeingizwa Afrika angalau mara 11. Waliousambaza ni watu.

Nikitazama Goma, naona upande huu una nguvu zaidi. Mwaka 1994 karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi mmoja tu tangu wawasili, kwa kipindupindu na kuhara damu. Bakteria wa kipindupindu kile alikuwa El Tor, aina ya ukoo huo wa Asia, tayari sugu kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nashindwa kumwona kama mkaaji wa ziwa aliyezinduka ghafla. Mwishoni mwa 2022 kilizuka tena Kanyaruchinya, upande wa volkano, mbali na ufuko. Kule mwamba wa lava haukubali kuchimbwa choo, na familia zilizokimbia vita zilibanana. Ukisema ni ugonjwa wa ziwa, ukosefu huo wa vyoo hauna wa kuulizwa.

Hata hivyo ushahidi wa DNA una pengo moja kubwa: sampuli nyingi zimetoka kwa wagonjwa, na anayetafuta wodini atakuta wa wodini. Zaidi ya hayo, bakteria huyu akikaa juu ya maganda ya viumbe wa majini huweza kuchukua DNA ya jirani zake. Aina isiyo na madhara leo inaweza kupata silaha kesho, kwa hiyo ziwa halijaachiwa huru.

Goma ina maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo. Wiki ile ile sampuli za wagonjwa zinapofika huko, chupa za maji ya Kituku zifike pia, na za miezi isiyo na mgonjwa hata mmoja zisikosekane.