Kabla ya Chuma, Mshipa

Anayejifunza kuiga stenti, yaani kile kibomba cha wavu wa chuma kinachotanuliwa na puto ili kuuacha wazi mshipa wa moyo ulioziba, kwenye kompyuta huwa na haraka ya kuchora chuma. Anasuka kiwavu chake, anakipanua, anatoa picha ya rangi nyekundu na buluu, kazi imekwisha. Kwa maoni yangu huyo ameanzia mwisho. Chuma ndiyo sehemu rahisi. Mshipa ndio unaoamua kama mgonjwa atapata nafuu ya kudumu.

Kwetu kusini mwa Tanzania jambo hili lina uzito wake. Mgonjwa wa Newala au Nachingwea anayehitaji stenti kwa kawaida huishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mshipa ukiziba tena, ni nauli nyingine na siku nyingine za shamba zimepotea, pengine katikati ya msimu wa korosho. Ndiyo maana siridhiki na hesabu zilizofanywa kwenye bomba lililonyooka.

Tumalize chuma kwanza. Chuma cha pua cha 316L kina moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kuvutika) ya takribani gigapaskali 193. Aloi ya kobalti na kromiamu ya L605, takribani 243. Namba hizo hazitoshi. Stenti ya puto hubaki wazi kwa sababu chuma kimepindwa kupita kiwango cha kurudi, kwa hiyo programu lazima ipewe tabia ya chuma baada ya kiwango hicho pia. Ukiweka moduli peke yake, presha ya puto ikitolewa stenti itajikunja irudi kama ilivyokuwa. Unene wa kila kijiti cha wavu wa stenti upate angalau elementi 4, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta huvipigia hesabu kimoja kimoja. Kisha punguza ukubwa wa elementi kwa nusu, uendeshe tena. Mkazo wa juu ukibadilika zaidi ya asilimia 5, wavu wako wa elementi bado haufai. Usiruke pia hatua ya kuibana stenti juu ya puto, maana kubanwa huacha mkazo ndani ya chuma kabla hakijafika kwenye mshipa.

Puto liigwe likiwa na mikunjo yake, mara nyingi mitatu. Wengi husukuma presha moja kwa moja kwenye ukuta wa ndani wa stenti, nayo inafunguka sawasawa kote. Puto halisi mara nyingi hutanua ncha kwanza, na ncha hizo ndizo zinazoweza kuujeruhi mshipa.

Sasa mshipa wenyewe. Ateri ya moyo yenye kipenyo cha milimita 3 haivutiki kama springi. Mwanzoni ni laini, kisha nyuzi za kolajeni zikinyooka inakaza ghafla. Tumia modeli ya hesabu ya vitu vinavyovutika namna hiyo, kama ya Ogden, au ya Holzapfel inayotambua mwelekeo wa nyuzi, na ukuta uupe tabaka zake tatu. Halafu weka ugonjwa, yaani mafuta na chokaa vilivyojikusanya ukutani: mafuta hubonyea, chokaa hugoma. Chokaa ikikaa upande mmoja, stenti hufunguka kama yai, na upande wenye afya ndio unaovutwa kupita kiasi. Bomba lenye unene sawa kote haliwezi kukuonyesha hilo hata uliendeshe mwezi mzima.

Ukiharakisha hesabu kwa kuongeza uzito wa bandia, linganisha nishati ya mwendo na nishati ya ndani. Ya mwendo ikizidi asilimia 5, unachokiona ni mtikisiko wa hesabu.

Damu ndiyo inayofuata. Uzito wake ni kilo 1,060 kwa mita ya ujazo, mnato kama 0.0035 paskali-sekunde. Mvuvi wa Mikindani anajua kuwa nyuma ya kila ufito wa dema, mtego wake wa samaki, maji hupunguza kasi na taka hutulia. Ndivyo ilivyo nyuma ya kila kijiti cha stenti. Pale ambapo msuguano wa damu kwenye ukuta unashuka chini ya paskali 0.4 hivi, tishu huelekea kuota na kuziba. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha vijiti vya maikromita 50 na vya 140: mishipa iliyoziba tena ilikuwa asilimia 15.0 dhidi ya 25.8. Kijiti chembamba kina faida kubwa, ila kikizidi wembamba, chokaa inakishinda.

Kisha uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwake kwa kupindwa mara nyingi. Miaka 10 ni mapigo kama milioni 400. Usipime kwa presha ya damu ya 80 hadi 120 (milimita za zebaki) pekee. Weka pia 100 hadi 160, kwa sababu wagonjwa wengi wa mishipa ya moyo wana shinikizo la juu.

Haya yote hayahitaji leseni ya kununua, maana kuna programu za bure: FEBio na CalculiX kwa chuma na mshipa, OpenFOAM kwa damu, SimVascular kwa kujenga mshipa kutoka picha za hospitali. Mwanafunzi wa Mtwara au Lindi mwenye kompyuta ya kawaida aanze na pete moja tu ya stenti, ndani ya mshipa wenye chokaa upande mmoja, na asiongeze pete ya pili mpaka umbo lile la yai litokee.